Uzamili wa usimamizi wa huduma za afya: nimelipa, nimesoma, nimemaliza

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Ningetoa nne na nusu kama kozi ingeishia kwenye mitihani ya darasani, na mbili kama ningeipima kwa tasnifu peke yake. Naandika kwa sababu tangu nivae joho simu yangu haipumziki. Wauguzi wafawidhi, wafamasia, matabibu, makatibu wa afya wenzangu, wote swali ni lile lile: "Dada, ile shahada inalipa?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

Mimi ni Katibu wa Afya katika hospitali ya halmashauri mkoani Pwani. Kwa asiyeijua kada yetu: Mganga Mfawidhi ndiye mkuu wa hospitali, na mimi ndiye ninayehangaika na kila kisichochomwa sindano. Ikama ya watumishi, yaani idadi na mgawanyo wao, magari, mkataba wa usafi, walinzi, mochwari, vikao, barua, malalamiko ya ndugu wa wagonjwa, na jenereta. Hasa jenereta.

Kozi niliyosoma ni shahada ya uzamili ya usimamizi wa huduma za afya, Dar es Salaam, kwa ratiba ya Ijumaa jioni na Jumamosi kutwa. Chuo sikitaji, maana huko mbele nitakisema vibaya na baadhi ya walimu wake bado nawaamkia. Ada ilikuwa kama shilingi milioni sita kwa kozi nzima. Hapo bado nauli, kudurufu vitabu na gharama za utafiti, na hizo za utafiti hakuna anayekutajia siku ya kujisajili. Mwajiri alinipa ruhusa ya kutoka mapema Ijumaa. Hela hakunipa. Nilikuwa nadandia Coaster mpaka Kimara, kisha mwendokasi, na nafika darasani wenzangu wa mjini wameshakaa viti vya nyuma.

Nianze na jambo ambalo tovuti za vyuo hazilisemi: nusu ya ada yako unailipia wale mtakaoketi nao. Darasa letu lilikuwa la watu waliochoka. Madaktari wawili wanaotoka zamu, mfamasia wa hospitali ya misheni, mhasibu wa hospitali ya rufaa, matroni aliyebakiza miaka michache astaafu, mzee mwenye kliniki yake Tabata, na dada mmoja wa kampuni ya bima aliyekuwa akipokea madai ya hospitali na kuyapitia. Huyu dada alitufundisha kuliko walimu wawili watatu ninaowakumbuka. Siku moja mwalimu alichelewa, mzee wa kliniki akaanza kulalamika kwamba bima zinakata madai yake kila mwezi. Dada akamwomba aonyeshe. Mzee akatoa simu, picha za fomu zilizorudishwa. Dada akazipitia taratibu: hii haina saini ya mgonjwa, hii ugonjwa ulioandikwa hauendani na dawa iliyotolewa, hii kipimo kimedaiwa lakini majibu hayakuambatishwa.

"Kwa hiyo mnanikata kwa sababu ya kalamu?"

"Kwa sababu ya kalamu, mzee wangu. Matibabu tunalipa. Ila mimi siyaoni matibabu, naona karatasi."

Darasa zima lilikuwa limesimama nyuma yao, limenyoosha shingo. Jumatatu iliyofuata nilimwomba Muuguzi Mfawidhi atenge mtu mmoja pale dirisha la bima, kazi yake iwe kuisoma fomu kabla mgonjwa hajaondoka, wakati bado anaweza kurudishwa kusaini na daktari bado yupo chumbani. Hilo halikuwa kwenye mtaala. Lilikuwa kwenye ada.

Sasa mtaala wenyewe. Somo lililonilipa kila senti ni la gharama na fedha za huduma za afya. Mwalimu alikuwa mzee mmoja aliyewahi kuwa Mganga Mkuu wa Mkoa, amestaafu, anafundisha bila kompyuta. Muhula wa kwanza alitupa kazi moja tu: chagua huduma moja inayotolewa hospitalini kwako, ifuate tangu mgonjwa anaingia getini mpaka anatoka, na uniambie imegharimu shilingi ngapi. Neno "takribani" alilikata kwa wino mwekundu.

Nikachagua upasuaji wa kujifungua, nikidhani nimechagua rahisi. Sehemu ya kwanza kweli ilikuwa rahisi: glavu, nyuzi, dripu, dawa ya ganzi ya mgongo, katheta, pamba, dawa za kuzuia maambukizi. Nikaongeza muda wa daktari, wa mtaalamu wa usingizi, wa muuguzi wa chumba cha upasuaji na wa mkunga, nikaupigia hesabu kwa mishahara yao. Nikapeleka. Mzee akaisoma, akauliza swali moja: "Shuka alilolalia mama huyu lilifuliwa na nani?"

Hapo ndipo somo lilipoanzia. Idara ya kufulia haina mgonjwa hata mmoja, lakini ina mtumishi, sabuni, maji na umeme, na gharama yake lazima iangukie mahali. Vivyo hivyo walinzi, jiko, ofisi yangu mimi, kichomea taka. Kuna utaratibu wa kuzishusha gharama hizo hatua kwa hatua kutoka idara zisizo na wagonjwa kwenda wodini: za kufulia kwa kilo za nguo, za usafi kwa ukubwa wa eneo, za utawala kwa idadi ya watumishi. Kwenye vitabu ni ukurasa mmoja. Hospitalini kwangu ilikuwa kubeba mzani kwenda kupima magunia ya mashuka machafu huku wafuaji wakinicheka, na kumlazimisha dereva akumbuke dizeli ya jenereta iliingia lini na ilikwisha lini.

Nilichokikuta kilinishangaza. Tulikuwa tunagombana kila kikao juu ya glavu na dripu, kumbe mzigo uliokuwa unatutafuna kimyakimya ni dizeli. Na sehemu kubwa ya dizeli ile ilitokana na kutakasa vifaa vya upasuaji jioni, saa ambazo kwetu umeme hukatika zaidi, ilhali asubuhi mashine ya kutakasia imelala. Kwa nini jioni? Kwa sababu seti za vifaa zilikuwa chache, zikitumika mchana kutwa. Ukinunua seti za nyongeza unaweza kutakasa asubuhi kwa umeme wa kawaida. Nikaandika ukurasa mmoja wenye hesabu, nikampelekea Mganga Mfawidhi, naye akaupeleka kwenye kamati. Ulipita bila kelele, jambo ambalo katika kamati yetu ni nadra. Miaka yote niliyokuwa nikiandika "tunaomba kuongezewa bajeti ya mafuta" hakuna aliyewahi kuniuliza swali, maana barua yenyewe haikuwa na la kuulizia.

Somo hilo hilo ndilo lililonifungua macho kuhusu hela inatoka wapi. Mama mjamzito anatibiwa kwa msamaha, hospitali ya umma haitakiwi kumtoza, sawa na mtoto wa chini ya miaka mitano na mzee asiyejiweza. Tangu uchangiaji wa gharama ulipoanza mwaka 1993, hospitali zetu zimeishi hivyo: huyu analipa, huyu ana bima, huyu ana msamaha, na dirisha ni moja. Mishahara inatoka serikali kuu, dawa zinapitia Bohari ya Dawa, na zikikosekana huko unakwenda kwa mshitiri wa mkoa, yaani msambazaji binafsi aliyeteuliwa, utaratibu ulioanzia Dodoma mwaka 2014. Fedha za Mfuko wa Pamoja, zile za wafadhili wa afya, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo tangu mwaka wa fedha 2017/18. Kuna NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001, kuna CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii. Kabla ya kozi niliyajua yote haya kama barua zenye nembo, kila moja na jalada lake. Sasa nayaona kama mabomba yanayoingia kwenye tangi moja, na najua lipi likikauka nipunguze matumizi gani. Aliyezoea uhasibu atasema haya ni mambo ya kawaida. Kwa sisi tuliotoka upande wa uuguzi au utawala, si ya kawaida hata kidogo.

Somo la pili zuri lilikuwa la uendeshaji: foleni, vitanda, mzunguko wa mgonjwa. Mwalimu kijana, anaongea haraka mno, lakini anajua. Alitupa kanuni ya John Little, Mmarekani aliyeithibitisha mwaka 1961, nayo ni fupi ajabu: idadi ya watu waliomo ndani ni sawa na kasi ya kuingia ukizidisha muda ambao kila mmoja anakaa. Wakiingia wagonjwa 40 kwa saa na kila mmoja akakaa saa 3, wakati wowote utakuwa na watu 120 kwenye mabenchi. Ukijenga banda la kusubiria, hujagusa chochote kati ya hivyo viwili, umewatafutia kivuli tu. Nilikaa kimya nikifikiria banda tulilokuwa tumeliombea fedha mwaka ule.

Alitutaka pia tuchukue vitabu vya MTUHA vya hospitali zetu, vile vya takwimu za huduma vinavyojazwa na kutumwa juu kila mwezi, tukokotoe wenyewe asilimia ya matumizi ya vitanda na wastani wa siku za kulazwa, wodi kwa wodi. Jumla ya siku za wagonjwa, gawanya kwa vitanda mara siku za mwezi, zidisha kwa mia. Hesabu ya darasa la saba. Wodi yetu ya wazazi ilivuka asilimia mia, maana yake kinamama wawili wawili kitandani, na wodi ya wanaume hata nusu haikufika. Takwimu hizo tulikuwa tunazituma sisi wenyewe, kwa mkono wetu, kila mwezi. Tulihamisha chumba kimoja cha wodi ya wanaume kwenda upande wa wazazi baada ya wiki mbili za manung'uniko.

Hapo hapo kulikuwa na ubishi ninaoupenda mpaka leo. Mwalimu alitaja kanuni ya Milton Roemer, ambaye mwaka 1959 pamoja na mwenzake Max Shain waliandika kwamba kitanda kikishajengwa hospitalini, kitapata mtu wa kukilalia, hasa pale bima inapolipa. Daktari mmoja wa darasa letu akanyoosha mkono: "Mwalimu, huko kitanda kinamsubiri mgonjwa. Kwetu wagonjwa wawili wanasubiriana kwenye kitanda." Kikaanza kicheko, kisha mjadala wa kweli, na dada wa bima akasema tusicheke sana, kwamba kuna hospitali binafsi mjini ambako Roemer angejisikia nyumbani. Mijadala ya namna hiyo hupati kwenye video za mtandaoni.

Ubora wa huduma nao ulifundishwa vizuri, japo kwa haraka. Avedis Donabedian na mgawanyo wake wa mwaka 1966: mazingira na vifaa, namna kazi inavyofanyika, na matokeo kwa mgonjwa. Ukishauelewa, ukaguzi wowote unaokuja hospitalini unaujua unapima nini na unaacha nini. Nyingi ya kaguzi zetu zinahesabu ndoo na mabango, ndiyo maana unaweza kupata alama nzuri na mama akafariki wiki ile ile. Tulijadili pia utaratibu wa S tano na Kaizen, yaani kupanga na kusafisha sehemu ya kazi na kuiboresha kidogo kidogo, ulioingia nchini mwaka 2007 kwa msaada wa Wajapani na kuanzia hospitali ya rufaa ya Mbeya, baada ya kufanya kazi Sri Lanka. Mimi ni muumini wake. Ni miongoni mwa mambo machache katika kozi nzima yanayoweza kuanza kesho bila kibali cha fedha. Lakini matroni wetu alisema neno la kweli: katika hospitali nyingi S hizo huamka siku mbili kabla ya wageni na hulala wakishaondoka. Mwalimu hakuwa na jibu. Jibu alikuwa nalo matroni mwenyewe, kwamba stoo ya wodi inayopangwa na mhudumu anayeitumia hukaa imepangwa, na inayopangwa na kamati huharibika, na ninashangaa kwa nini chuo hakijampa kipindi afundishe.

Haya, upande mbaya.

Somo la ununuzi wa umma lilifundishwa kwa slaidi zilizochacha. Nchi imeshahamia NeST, mfumo wa ununuzi wa umma kwa mtandao, kuna sheria mpya ya ununuzi ya mwaka 2023, na sisi tunaonyeshwa picha za mfumo uliozimwa. Mhasibu wetu alisahihisha mara mbili, mara ya tatu akanyamaza akaanza kujibu barua pepe za kazini. Kwa mtu ambaye kesho yake anakwenda kufungua zabuni ya dawa, hilo si dogo. Ni somo ambalo kosa lake linakupeleka kwa mkaguzi.

Usimamizi wa rasilimali watu, nyota moja, na hiyo moja ni ya adabu. Piramidi ya Maslow, ile ya ngazi za mahitaji ya binadamu, nimeiona kwenye stashahada, nimeiona kwenye shahada, na hapa nikaiona tena, imebadilishwa rangi. Kilichokosekana ndicho kinachonilaza macho: unafanyaje wewe Katibu, ambaye si daktari, pale daktari bingwa anapokuja saa nne wakati kliniki yake inaanza saa mbili? Una karatasi gani, unaanza na nani, unamwambia nini? Wale madaktari wawili darasani walikuwa tayari kulijadili kwa uwazi, nao walikuwa na yao ya kusema juu ya makatibu wanaowaandikia barua bila kuwauliza kama wametoka zamu. Mwalimu akatuambia turudi kwenye slaidi. Hata suala la ikama lilipita juu juu. Kuna njia ya Shirika la Afya Duniani ya kukadiria idadi ya watumishi kwa kuangalia uzito wa kazi halisi, inaitwa WISN, nayo ilipata nusu saa. Ingepewa muhula.

Somo la takwimu lilikuwa kubonyeza SPSS, programu ya kuchambua takwimu, kwa kukariri. Sina la kuongeza.

Na sasa tasnifu. Ukiondoka na jambo moja katika maandishi haya, liwe hili. Masomo ya darasani huendeshwa na ratiba. Tasnifu huendeshwa na mtu mmoja, msimamizi wako, na ukipewa asiyepokea simu, mwaka wako umekwenda. Nilipeleka pendekezo langu la utafiti, likakaa. Likarudi na maoni ya herufi kubwa na nukta. Nikarekebisha, likakaa tena. Kibali cha maadili ya utafiti kina foleni yake, barua ya mkoa ina foleni yake, barua ya wilaya ina yake, hata kama hospitali unayokwenda kufanyia utafiti ni ile unayofanyia kazi na barua ya wilaya inaishia mezani kwako mwenyewe. Nilijipokelea barua yangu, nikaigonga mhuri, nikaiweka kwenye jalada. Ndivyo taratibu zinavyotaka.

Katika kipindi hicho chuo kilituachia upweke. Hakuna mikutano ya pamoja, hakuna anayeuliza umefika wapi, isipokuwa ofisi ya ada. Wenzangu kadhaa, watu wenye akili na bidii kuliko mimi, bado wananing'inia mpaka leo na masomo yote wamefaulu. Mmoja alinipigia kuniuliza kama namfahamu mtu "wa kumsaidia kuandika." Wapo, na bei zao zinajulikana. Nilimsihi asifanye, akanijibu kwamba kila muhula anaozidisha analipia. Hapo chuo kinapaswa kujitazama. Na mada zenyewe! Fungua rafu ya tasnifu pale maktaba usome migongo: mambo yanayoathiri hiki katika wilaya ile, mambo yanayoathiri kile katika wilaya hii. Dodoso, asilimia, mapendekezo kwamba serikali iongeze bajeti. Yule mzee wa gharama alikuwa akisema angependa kuona tasnifu moja tu iliyopima magunia ya mashuka. Yangu nilijaribu kuielekeza huko, msimamizi akasema "haina nadharia ya kutosha." Nikaiongezea nadharia.

Watu wananiuliza pia kuhusu vyuo vingine. Sijasoma huko, kwa hiyo sivipi nyota, nitasema tu tofauti za aina ya kozi, maana wengi wanazichanganya. Mzumbe wamejenga jina kwenye usimamizi wa mifumo ya afya, kuanzia shahada ya kwanza, na ukipenda utawala na sera hapo ndipo nyumbani kwake. Muhimbili, yaani MUHAS, wana shahada ya uzamili ya afya ya jamii, MPH, ambayo itakupa magonjwa, takwimu na programu za kinga zaidi ya itakavyokupa uendeshaji wa hospitali. Ukitaka kuwa mtu wa chanjo, malaria, miradi, nenda huko. Nairobi kuna Strathmore na MBA yao ya usimamizi wa huduma za afya, yenye mwelekeo wa biashara, na ndiyo ninayomshauri mwenye hospitali binafsi au anayetaka kazi kwenye bima. Kuna za masafa, kama zile za Chuo Kikuu cha London, ambazo zinakuruhusu kubaki kazini kwako, ila utamkosa dada wa bima na matroni. Chuo chochote cha nje ya nchi, angalia kwanza kama TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, watakitambua cheti chake, na uangalie kabla ya kulipa.

Wanaotazama Marekani nao wajue wanaenda kusoma nini. Huko fani hii ni ya zamani, kozi ya kwanza ya uzamili ya utawala wa hospitali ilianzishwa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1934, na mhitimu wake anaandaliwa kuwa mkurugenzi wa hospitali ambayo madaktari wako chini ya mfumo wake. Shahada ile inaitwa MHA na ina chombo chake cha ithibati, CAHME. Ni kozi nzuri, lakini nusu yake ni Medicare na Medicaid, yaani bima za serikali yao, na kampuni za bima za kule. Ukirudi Tandahimba na elimu hiyo utakuwa na kazi ya ziada ya kuitafsiria mazingira. Kwetu mkuu wa kituo ni mganga, na wewe utakuwa mshauri wake, hata uwe na shahada tatu.

Sasa lile swali la simu: inalipa?

Serikalini, usitarajie mshahara upande kwa sababu umeleta cheti. Cheo kinafuata muundo wa utumishi na nafasi, na cheti kinakaa kwenye jalada kikisubiri nafasi itangazwe. Nimeona watu wakikata tamaa miezi mitatu baada ya mahafali kwa sababu waliahidiwa kingine na ndugu zao. Kwenye sekta binafsi, mashirika ya dini, miradi na bima, hali ni tofauti: huko wanakuuliza unajua kufanya nini, na ukitoa mezani jedwali la gharama la huduma moja lililofanyika sawasawa, mazungumzo yanabadilika. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeongeza uzito wa jambo hili. Hospitali itakayotegemea kulipwa na bima bila kujua huduma yake inagharimu shilingi ngapi itakuwa inasaini bei kwa kubahatisha. Watu wanaojua kuipiga hesabu hiyo hospitalini ni wachache mno. Mimi mpaka juzi sikuwa mmoja wao.

Kwa hiyo namshauri nani aende? Aliyeko ndani ya hospitali tayari, mwenye miaka michache ya kazi, mwenye tatizo lake mahsusi linalomkera. Mtu huyo atakula kozi hii mpaka mifupa. Kijana aliyemaliza shahada ya kwanza mwaka jana na hajawahi kuona kikao cha kamati ya dawa, asubiri. Tulikuwa nao wawili darasani, werevu, wanafaulu kuliko sisi, lakini kazi ya mzee ya kufuata huduma getini mpaka getini waliifanyia kwenye hospitali waliyopewa ruhusa ya kuzunguka siku mbili, na ilionekana.

Matroni wa hospitali yetu, si yule wa darasani, anataka kuomba muhula ujao. Nilimwambia aende, lakini kabla ya kulipa hata ada ya maombi afike chuoni siku ya kazi, aulize mambo haya ana kwa ana. Katika wanafunzi walioingia miaka mitatu iliyopita, wangapi wameshahitimu? Asikubali jibu la "wengi." Msimamizi wa tasnifu anapangwa lini, na ukimkosa miezi miwili unamlalamikia nani kwa jina la cheo? Anayefundisha ununuzi ameingia NeST mara ya mwisho lini? Ada ya kuongeza muhula wa tasnifu ni kiasi gani? Kisha asimame nje ya darasa Ijumaa jioni, wakati wa chai, awasikilize wanafunzi wenyewe wanazungumza nini. Wakiwa wanazungumza hospitali zao, alipe. Wakiwa wanazungumza msimamizi tu, apande mwendokasi arudi zake, atafute chuo kingine.